Nakuja Sasa Hivi

Kila siku ya shule, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Karani aliandika uongo kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote katika jengo lile. Alifungua daftari la mahudhurio la darasa la pili, akashusha kidole mpaka jina la kumi na tisa, na kwenye kisanduku cha siku hiyo akaandika M kwa wino mwekundu. M ni mgonjwa. H ni hayupo, na H tatu mfululizo zilimleta mwalimu wa nidhamu mpaka mlangoni kwenu. M haikumleta mtu, mradi iwe na barua.

Barua ilikuwepo. Aliiandika mwenyewe jioni, mezani kwake, kama mama wa mgonjwa. Asubuhi aliipokea mwenyewe, kama karani wa shule, akaigonga muhuri, akaitoboa na kuitia kwenye faili.

Jina la kumi na tisa lilikuwa la binti yake. Watu walimwita Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu mtoto alipoanza kusema hakukumbuka tena kunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, na usingizini alimalizia habari aliyoikatiza wakati wa kula. Sasa alikuwa na miaka minane na jina lilimpwaya kama gauni la kuazima. Siku nzima ungeweza kumsikia mara nne, na mara tatu kati ya hizo angekuwa anasema, "Tumbo linaniuma."

Lilikuwa linamuuma kweli, na hapo ndipo mambo yote yalipokorogeka. Aliamka kabla ya watu wote, akaenda kukaa kwenye kigoda cha bafuni na ndoo mapajani. Karani alipomfuata alimkuta mikono imepoa kama bomba la maji, midomo imekauka, moyo unamdunda mpaka unauona juu ya fulana. Sare ilipotolewa kabatini, alitapika. Hakuwa na kitu tumboni, akatapika mate ya manjano. Lakini ikifika saa tatu, shule imeshaanza na yeye yuko nyumbani, rangi ilimrudi, akaomba mkate, akakaa sakafuni kuchora.

"Unaona?" alisema bibi yake. "Huyo ni mgonjwa wa saa mbili. Saa tatu amepona."

Bibi huyo, mama wa marehemu mume wa Karani, alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulimwita Mkaguzi hata baada ya kustaafu. Walimu wazee wakimwona sokoni bado walificha mikono mifukoni, kana kwamba angeuliza maandalio ya somo. Nyumba ilikuwa yake, vitabu vya kwenye kabati la kioo vilikuwa vyake, na jina la familia aliliangalia kama mtu anavyoangalia shati jeupe siku ya matope. Si kwamba hakumpenda mjukuu. Alimpenda mno. Ndiyo maana hakutaka aitwe mwoga.

Mwanzoni Karani alijaribu kumpeleka shule kwa nguvu. Alimvuta mkono mpaka mlango wa darasa, akamwambia, kama kila mzazi anavyomwambia mtoto, "Nakuja sasa hivi, mwanangu," kisha akakimbilia ofisini, hatua thelathini tu kutoka pale. Mayowe yalimfuata kupitia ukutani. Siku moja Chiriku aling'ang'ania sketi yake mpaka pindo likafumuka, mbele ya walimu sita na mzazi mgeni.

"Deko hilo, Karani," alisema mwalimu wa darasa la pili. "Mtoto asiye na baba usipomkaza atakukalia kichwani."

Na mwalimu mwingine, nyuma ya kikombe cha chai, akasema kwa sauti ya kunong'ona inayokusudiwa kusikika: "Au ana kitu kichwani. Si mnajua tena. Familia za wasomi."

Karani alilifikisha neno hilo nyumbani. Lilikuwa kosa. Mkaguzi aliweka miwani mezani.

"Kichwani? Mjukuu wangu? Kuanzia kesho ana tumbo. Tumbo ni ugonjwa. Mtu mwenye tumbo anapewa pole."

Hivyo barua zikaanza. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Mkaguzi akaisoma na kalamu mkononi, tabia ya kazi haimwachi mtu.

"'Anaumwa tumbo.' Hii ni barua au ni simu ya upepo? Kila mtu ana tumbo, mwanangu. Andika mahali linapouma. Andika tangu lini. Andika dalili."

"Niandike upande gani, Mama?"

"Kulia. Chini. Kushoto kunaonekana kama mtu amekula vibaya."

Karani akaandika kulia, chini. Kwenye barua ya tano akaongeza homa, maana kutapika bila homa kulionekana kupungukiwa kitu. Kwenye ya kumi na mbili maumivu yakaanza kitovuni na kuhamia kulia; sentensi hiyo Mkaguzi aliipenda, akaiwekea alama ya vema pembeni. Walikuwa wakitunga pamoja, mama mkwe na mkwe, chini ya taa moja, na Mungu awasamehe, zilikuwa jioni zao nzuri kuliko zote tangu kifo cha yule waliyempenda wote wawili.

M zikafika thelathini na nane. Mwalimu Mkuu akamwita Karani ofisini.

"Kaa, Karani. Unajua ninachotaka kusema."

"Najua, Mwalimu."

"M arobaini, barua ya daktari wa hospitali. La sivyo jina linafutwa na mtoto anarudia mwaka mwakani, nafasi ikipatikana. Sikutunga mimi."

"Najua. Tangazo nilipiga chapa mimi."

"Basi. Una siku mbili." Akainamisha kichwa kwenye karatasi zake, kisha akakiinua. "Anaendeleaje lakini?"

"Hajambo kidogo," alisema Karani, kwa mazoea, na hapo hapo akajisahihisha, "yaani, anaumwa."

Kesho yake alibeba mtoto na faili kwenda hospitali. Aliwaza kwamba daktari atamgusa mtoto, hataona kitu, ataandika mistari miwili, nao watarudi nyumbani. Alichokisahau ni kwamba faili lilikuwa limeandikwa na watu wawili waliosoma.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, sauti ya mtu aliyelala saa tatu tu. Alianza kwa kupekua haraka. Kisha akapunguza mwendo. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza na kusoma upya, kidole kikifuata mistari.

"Nani kaandika hizi?"

"Nyumbani," alisema Karani.

"Ni nzuri sana. Laiti wazazi wote wangenieleza hivi." Akamgeukia Chiriku, akambonyeza tumbo upande wa kulia. "Mrembo, linauma hapa?"

Chiriku alimtazama mama yake. "Ndiyo."

"Na hapa nikiachia?"

"Ndiyo."

"Na asubuhi hii umetapika?"

"Ndiyo," alisema, na hiyo ilikuwa kweli.

Damu ikapimwa, majibu yakawa juu kidogo. Picha haikuonyesha kitu. "Hilo halinitulizi," alisema Daktari. "Kidole tumbo kinajificha. Kwa picha hii peke yake ningesubiri. Lakini kwa historia hii, miezi miwili, kitovuni kuhamia kulia, homa, matapishi? Kikipasuka ndani tutalia wote. Tunampasua leo."

Karani alisikia neno leo likimwingia masikioni na kukaa humo bila kushuka. Alifungua mdomo. Nesi mmoja alikuwa mlangoni akisubiri faili, mama mwingine na mwanawe walikuwa kwenye benchi wakisikiliza kila kitu kwa macho, na kwenye benchi hilo hilo, kwa bahati mbaya ya dunia, mwalimu wa darasa la pili alikuwa ameshika kadi akisubiri kupima presha.

"Pole sana, Karani," alisema mwalimu, kwa upole wa kweli. "Na mimi nikadhani ni deko. Nisamehe, jamani."

Karani akafunga mdomo.

Walipelekwa wodini, kitanda cha dirishani. Chiriku akavalishwa gauni la hospitali la kufungwa mgongoni, akatiwa sindano ya dripu mkononi. Hakulia. Aliketi wima, akitazama tone linavyoshuka, na Daktari alipopita akamvuta koti.

"Nikipasuliwa nitakaa nyumbani siku ngapi?"

"Wiki tatu. Pengine mwezi."

"Na mama atakaa na mimi?"

"Lazima mtu akae na wewe."

"Siyo mtu. Mama."

"Basi mama."

Chiriku akatabasamu. Karani hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu mwaka jana, lenye pengo la meno pembeni. Mtoto akajilaza chali, akavuta shuka mpaka kifuani kama mtu aliyefika mwisho wa safari, akasema, "Basi nipasueni."

Karani akatoka wodini, akasimama ukumbini. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameweka kisu upande mmoja na mlango wa darasa upande mwingine, akachagua kisu, na akashukuru.

Mkaguzi alimkuta hapo hapo. Alikuja amevaa gauni lake la vikao, mkoba kwapani, miwani shingoni. Fomu ya ridhaa alishaipokea kwa nesi.

"Wanasema umeshindwa kusaini. Nipe mkono nikushikie."

"Mama, hana kidole tumbo."

"Wewe ni daktari?"

"Mama! Kulia chini ulisema wewe. Kitovuni nilinakili mimi kwenye kitabu cha sayansi cha darasa la sita. Wanampasua kwa ajili ya insha yetu!"

"Shusha sauti."

"Wanampasua, Mama."

Mkaguzi alitazama ukumbi wote mpaka mwisho, kama alivyokuwa akitazama madarasa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo, na Karani hakuwa ameizoea ikiwa hivyo.

"Nimeuliza. Ni operesheni ndogo. Wanafanya kila siku. Kovu linabaki hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili. "Kidole tumbo ni ugonjwa wenye adabu, mwanangu. Watu watakuja na machungwa. Watauliza anaendeleaje, na sisi tutakuwa na jibu. Wewe utawaambia nini hawa? Kwamba mtoto wa mwanangu anaogopa, na hatujui anaogopa nini? Mimi nimekagua watoto elfu ngapi, na huyu mmoja sijui ana nini!" Miwani ilikuwa inacheza kifuani pake. "Pengine wakimkata kitatoka. Mimi sijui. Pengine kitatoka."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza Karani aliona kwamba mama mkwe wake hakuwa na mpango wowote. Alikuwa amezama kama yeye, ila alizama amenyoosha mgongo.

Nesi akapita na kitanda cha magurudumu, nao wakamfuata ndani mpaka kwa Chiriku. "Mama mtu, fomu baadaye, Daktari anaanza kunawa. Sisi tumwandae. Naomba utoke nje kidogo."

Karani akainama juu ya mwanawe, akambusu paji la uso. Maneno yakamtoka yenyewe, kama yanavyomtoka mtu yeyote anayeondoka mahali: "Nakuja sasa hivi, mwanangu."

Chiriku akageuka mtu mwingine. Alimrukia mama yake shingoni, sindano ikachomoka, damu ikaruka kwenye shuka na kwenye aproni ya nesi. Alipiga ukelele ambao Karani aliujua kupitia ukuta wa ofisi, lakini hakuwahi kuusikia kwa karibu kiasi cha kusikia kwamba una maneno ndani yake.

"Usiseme! Usiseme unakuja! Sema unaenda! Sema unaenda!"

"Nani anaenda, mamangu, siendi po—"

"Baba alisema anakuja!"

Karani akakaa kitandani na mtoto juu yake, na mwaka mzima ukarudi ukasimama mbele yake.

Mumewe alikuwa fundi umeme. Asubuhi moja, mkate uko mezani, jirani alibisha kwamba taa za kwake zinazimika-zimika. Alitia testa mfuko wa shati, akamgusa Chiriku pua, akasema, "Nakuja sasa hivi. Usinimalizie mkate." Hakurudi. Mtoto aliacha kipande kwenye sahani mpaka kikakauka. Na watu wazima, kwa ushauri wa Mkaguzi na kwa ridhaa ya wote, walimwambia kwamba baba amesafiri kikazi. Anakuja lini? Anakuja. Kesho? Anakuja tu. Kwa wiki tatu nyumba nzima ilimwambia anakuja, mpaka mtoto mmoja kwenye foleni ya maji shuleni alipomwambia, bila ubaya wowote, "Wewe baba yako si alikufa?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, mbele ya mlango wa darasa, mama yake alimwambia neno lile lile, kisha akampa mgongo.

Daktari alitokea, mikono juu, maji yakimtiririka viwikoni. "Kuna nini hapa? Nimeshanawa!"

Karani hakusimama. Aliogopa akisimama hatasema. "Daktari, hana kidole tumbo. Zile barua nimezitunga. Homa hakuwa nayo hata siku moja. Anatapika kwa sababu ya hofu. Ana hofu. Tangu baba yake afe ana hofu, na mimi nimeificha."

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa amepanda kuja kutoa pole. Alisimama miguuni pa kitanda na mfuko wa machungwa.

Daktari alishusha mikono polepole. "Unajua ulichokuwa unataka kunifanyisha?"

"Najua."

"Hujui. Ningemfungua mtoto mzima kwa ajili ya mwandiko wako. Wiki ijayo tumbo lingeuma tena. Hapo ningekata nini? Niambie, mama, ningekata nini?"

Akapumua, akavuta kiti kwa mguu, akakaa, akamshika Chiriku mkono uliokuwa unavuja damu na kuubana kwa pamba. Alipoongea tena alimwambia mtoto, si wakubwa.

"Tumbo lako linauma kweli. Wala hudanganyi. Mtu akiogopa sana, mwili unadhani kuna simba mlangoni, unasimamisha kila kitu, hata tumbo. Simba hayupo, lakini tumbo halijui. Umenielewa?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, uso umefichwa kwapani mwa mama.

"Na ninyi," akawageukia, "acheni kumdanganya. Hata uongo wa huruma. Mkimwambia saa nne, iwe saa nne. Aanze na dakika kumi darasani, siyo siku nzima. Kuna mshauri wa watoto chini, siku ya Alhamisi. Ana foleni ndefu na dawa ya siku moja hana. Mtamleta?"

"Tutamleta."

"Nahitaji maelezo yenu kwenye faili, kwa maandishi. Sitaki kesho mniambie nilikataa kumtibu."

Karani alichukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kwa mara ya kwanza maishani. *Barua zote zilizomo humu nimeziandika mimi na si za kweli. Mtoto haumwi kidole tumbo. Mtoto ana hofu.* Akatia saini.

Mkaguzi alinyoosha mkono. Karani akampa karatasi, maana hakuwahi kumnyima. Mwanamke yule akavaa miwani, akasoma yote kwa utulivu, na mwalimu wa darasa la pili akahamisha machungwa kutoka mkono huu kwenda ule. Kisha Mkaguzi akatoa kalamu yake mwenyewe kwenye mkoba. Akafuta *nimeziandika mimi*, na juu yake, kwa herufi zilizosimama wima, akaandika *tumeziandika sisi*. Akatia saini chini ya saini ya mkwewe, jina la familia kwa ukamilifu, akampa Daktari. Akatoka nje na mkoba kwapani, na kwenye ukumbi akakosea mlango, akaingia stoo ya mashuka. Alikaa humo muda mrefu.

Mwalimu Mkuu alimnyang'anya Karani daftari la mahudhurio. Hakumfukuza, lakini alimpa onyo kwa maandishi, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kulipiga chapa, Karani alilipiga mwenyewe. Jina la kumi na tisa halikufutwa. Lilipewa muhula mmoja wa kujaribiwa. Chumba cha walimu kilinyamaza Karani alipoingia, na kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko minong'ono.

Jumatatu, Chiriku alitapika kama kawaida. Alitapika tena getini. Mbele ya mlango wa darasa, vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la sketi, pale pale palipofumuka. Karani akapiga magoti. Neno lilikuwa limeshamjia ulimini, akaling'ata.

"Naenda," alisema. "Naenda ofisini. Mshale mrefu ukifika kwenye mbili utaniona dirishani."

"Ukifika kwenye mbili."

"Kwenye mbili."

"Na usipokuja?"

Karani alitaka kusema haiwezekani. Mumewe naye angesema haiwezekani. "Nitakuwa dirishani," alisema, na akavitoa vile vidole kimoja kimoja.

Hakwenda ofisini. Alisimama nyuma ya kona ya jengo, mgongo ukutani, saa ya mkononi mbele ya macho. Mayowe yalianza. Dakika ya nne yalikuwa bado yanapanda. Dakika ya saba kiti kilianguka, mwalimu akasema kitu, mtoto mwingine akacheka. Kila kiungo mwilini mwake kilitaka kukimbia, na hakujua kama kingekimbilia darasani au nje ya geti. Dakika ya tisa sauti ilikatika, na hilo likamtisha zaidi.

Mshale ulipofika kwenye mbili alisimama dirishani. Chiriku alikuwa ameketi kwenye dawati la mwisho, shati limelowa mbele, macho yamevimba. Hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Kisha akageuza macho dirishani, akamwona mama yake, akamtazama kwa makini, kama mtu anayelinganisha sura na picha.

Akainua vidole viwili hewani: mbili. Kisha akaongeza kimoja. Tatu.

Mpaka mshale ufike kwenye tatu, dakika tano nyingine. Karani aliitikia kwa kichwa, akasema kwa midomo bila sauti, "Naenda," akarudi nyuma ya kona kuhesabu.